Ziwa Moja, Meza Mbili: Usuluhishi wa Burundi na Vita vya Kongo Vilivyoonekana Fizi

Swima ni kijiji cha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika teritware ya Fizi, Jimbo la Kivu Kusini, kwenye barabara itokayo Uvira kuelekea Baraka. Upande wa magharibi milima inapanda kuelekea Itombwe; upande wa mashariki, ng'ambo ya maji, ni Burundi. Kati ya pande hizo mbili hakuna ukuta wala daraja la kulindwa na askari forodha. Kuna maji tu, ambayo usiku hujaa taa za wavuvi wa dagaa. Mwenye mashua ya injini huyavuka kwa saa chache, na hilo latosha kueleza kwa nini vita vya upande mmja wa ziwa havijawahi kuwa habari ya kusimuliwa tu upande wa pili.

Habari za Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 zimeandikwa mara nyingi, na karibu mara zote zimeandikwa kama habari za Burundi: vyama vyake, jeshi lake, makabila yake, katiba yake. Mtazamo huo si wa uongo, lakini una upungufu. Mazungumzo ya Arusha yalianza mwezi Juni 1998, na haikupita miezi miwili vita vikubwa vikawaka Kongo. Tangu hapo wasuluhishi walikuwa wakijaribu kutengeneza nyumba ambayo uwanja wake ulikuwa ukiungua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi diplomasia ya kimataifa ilivyojaribu kuituliza Burundi katikati ya vita vya jirani, na kwa nini ufukwe wa Fizi, ambao haukuwa na kiti Arusha, ulikuwa mojawapo ya mahali ambapo kufaulu au kushindwa kwa diplomasia hiyo kulipimwa.

Ufukwe ulio njia

Kabla ya mipaka ya wakoloni, pwani hii ya magharibi ilikuwa sehemu ya eneo la biashara lililokuwa na makao yake Ujiji. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilivuka maji haya, na pamoja nayo kikavuka Kiswahili. Ndiyo maana katika vijiji vya Fizi, Kibembe na Kiswahili huishi pamoja katika kinywa kimoja. Kiswahili hicho, ingawa aghalabu kina kiambishi *ba-* pale Kiswahili Sanifu kinapotaka *wa-*, hakimpi taabu msikilizaji kutoka Kigoma.

Njia ya biashara iligeuka njia ya vita. Mwezi Aprili 1965, Ernesto Che Guevara na wenzake kutoka Kuba walivuka kutoka Kigoma wakatua kwenye ufukwe wa Fizi kuwasaidia waasi wa Simba. Mwezi Novemba mwaka huohuo wakarudi kwa njia ileile, jaribio lao likiwa limeshindwa. Laurent-Désiré Kabila, ambaye Mkuba huyo hakuvutiwa sana na uongozi wake, alirudi kwenye milima hiyo mwaka 1967 akaunda chama cha PRP. Ngome yake ya Hewa Bora ilidumu miaka mingi huku serikali ya Mobutu ikishindwa kuing'oa. Jambo hili lina uzito wake katika maelezo yanayofuata, kwa sababu miaka thelathini baadaye Kabila huyohuyo, akiwa Rais wa Kongo, ndiye aliyewafungulia milango wapiganaji wa Burundi katika nchi ambayo aliifahamu njia kwa njia.

Burundi kabla ya Arusha

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuiongoza Burundi, aliuawa na askari baada ya miezi mitatu tu madarakani. Mauaji ya kikabila yaliyofuata yaliteketeza maelfu kwa maelfu ya watu, Wahutu na Watutsi. Umoja wa Mataifa ulimtuma Ahmedou Ould-Abdallah wa Mauritania kuwa mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu. Huyu hakuwa na jeshi, wala hakupewa fedha nyingi. Alikuwa na simu, gari na subira.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilipoangushwa Kigali, mjumbe huyo alihimiza Spika Sylvestre Ntibantunganya na wakuu wa jeshi wawatangazie wananchi habari hiyo pamoja, kwa utulivu, kabla uvumi haujafika vilimani. Nchi mbili zilifiwa na marais wao katika ajali moja. Rwanda iliingia katika mauaji ya kimbari. Burundi usiku ule haikuingia. Ni vigumu kuthibitisha kwamba tangazo hilo ndilo lililozuia maafa, kwani jambo lisilotokea halina ushahidi. Hata hivyo wataalamu wa diplomasia ya kinga hawachoki kuutaja usiku huo, na wana haki.

Kinga hiyo haikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea kukua, na wapiganaji wa FDD, tawi la kijeshi la chama cha CNDD cha Léonard Nyangoma, walijenga ngome zao katika eneo la Uvira miongoni mwa wakimbizi wa Burundi. Kwa hiyo tangu awali vita vya Burundi vilikuwa na mguu mmoja Kivu Kusini. Mwezi Oktoba 1996, majeshi ya AFDL yakisaidiwa na Rwanda yaliiteka Uvira, kisha yakateremka kusini hadi Fizi. Makambi ya Warundi yakatawanywa, na Wakongo wa Fizi nao wakavuka ziwa kwa makumi ya maelfu kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao.

Wakati huo Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuanza kazi ya upatanishi, akiwakutanisha wanasiasa wa Burundi mjini Mwanza. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa nguvu tarehe 25 Julai 1996, wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha katika muda wa wiki moja wakaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Hili lilikuwa jambo geni. Kwa desturi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mapinduzi ya kijeshi yalichukuliwa kuwa mambo ya ndani ya nchi; hapa majirani maskini walifunga mipaka yao wenyewe bila kungoja New York wala Brussels. Vikwazo hivyo viliumiza wananchi wa kawaida kuliko wakubwa, na magendo yalistawi. Lakini vilimlazimisha Buyoya aje mezani. Viliondolewa Januari 1999, mazungumzo yakiwa yameshika njia.

Waliokaa na wasiokaa

Mazungumzo rasmi yalifunguliwa Arusha tarehe 15 Juni 1998. Washiriki walikuwa serikali, Bunge na vyama vya siasa; idadi ya pande hizo hatimaye ilifika kumi na tisa. Kazi iligawanywa kwa kamati: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, na baadaye dhamana za utekelezaji. Wenyeviti waliletwa kutoka nje, miongoni mwao Armando Guebuza wa Msumbiji, Nicholas Haysom wa Afrika ya Kusini na Padre Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma. Kamati ya kwanza peke yake, ile ya asili ya mgogoro, ilikuwa kama darasa la historia ambalo wanafunzi wake walikuwa wamezikana. Warundi walibishana kama mgogoro wao ulikuwa wa kikabila au wa kisiasa, na maneno yaliyokubaliwa mwishowe, kwamba ulikuwa mgogoro wa kisiasa wenye sura za kikabila zilizo nzito sana, yaligharimu miezi ya kazi.

Dosari ilikuwa kwingine. Wiki chache kabla ya mazungumzo kufunguliwa, CNDD ilipasuka. Nyangoma alibaki na jina na kiti. Jean-Bosco Ndayikengurukiye alichukua wapiganaji. Upande wa Nyerere ulishikilia kwamba chama kilichoalikwa ni kile cha Nyangoma, na kwamba kuwapa kiti waliojitenga kungekuwa kuwafundisha wengine wote wajitenge. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki ya kisheria. Lakini matokeo yake ni kwamba kamati ya amani na usalama ilijadili kusitisha mapigano na watu ambao wengi wao hawakuwa na bunduki za kuzisitisha. Kundi jingine lenye silaha, Palipehutu-FNL, nalo halikuwapo.

Tarehe 2 Agosti 1998, wiki saba baada ya Arusha kufunguliwa, vita vya pili vya Kongo vilianza. Rwanda na Uganda, zilizomweka Kabila madarakani, sasa zilimgeukia zikiwa na kundi jipya la RCD. Jeshi la Burundi liliingia Kivu Kusini kwa maelezo kwamba lilikuwa likilinda mpaka na usafiri wa ziwani. Kabila, akitafuta marafiki popote, aliipokea FDD; nayo ikapata silaha, mafunzo na njia ya kurudi. Fizi ikawa uwanja ambapo wapiganaji wa FDD na Maimai wa huko walipambana na RCD, Wanyarwanda na jeshi la Burundi. Hivyo vita ambavyo Arusha ilijaribu kuvimaliza mezani vilikuwa vikipiganwa katika nchi nyingine, miongoni mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola, kwenye barabara ileile ipitayo Swima, na askari wa RCD pamoja na washirika wao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu maovu yaliyotendwa Kongo iliyataja mauaji hayo miongoni mwa mengi. Chuki kati ya Wabembe na Wanyamulenge, ambayo ilikuwapo tangu uasi wa Simba, ilipata majeraha mapya. Raia wa pande zote mbili walilipizwa kisasi kwa makosa ya wenye bunduki. Boti za wakimbizi ziliendelea kwenda Kigoma.

Meza ya Lusaka

Kwa vita vya Kongo iliwekwa meza nyingine. Mkataba wa Lusaka wa kusitisha mapigano ulitiwa saini tarehe 10 Julai 1999 na Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Makundi ya waasi yalitia saini mwezi Agosti. Burundi haikutia saini, kwa kuwa rasmi haikukubali kwamba ilikuwa mshiriki wa vita hivyo. Hata hivyo FDD imetajwa katika mkataba huo kati ya makundi yenye silaha yanayopaswa kufuatiliwa na kunyang'anywa silaha.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lenyewe. Arusha ilikuwa ikitafuta mapatano ya Warundi lakini FDD haikuwa na kiti. Lusaka iliitaja FDD, lakini kama kitu cha kuondolewa, si mtu wa kusemezwa. Kundi lililokwisha kuambiwa katika mkataba mmoja kwamba litanyang'anywa silaha lilikuwa na sababu gani ya kuuamini mkataba wa pili? Kinshasa nayo haikuwa na haraka ya kumfukuza mshirika anayeishughulisha Bujumbura. Meza hizo mbili zilikuwa na wajumbe tofauti, wafadhili tofauti na ratiba tofauti, ilhali kwa mtu wa Fizi mwenye bunduki aliyepita kijijini alikuwa ni yuleyule.

Istilahi za usuluhishi zastahili kutazamwa kidogo, maana zinaonyesha kilichokuwa kikidhaniwa. Magazeti ya Kiswahili yalimwita Nyerere *msuluhishi*, wakati mwingine *mpatanishi*. Baadaye *mwezeshaji* likaenea katika lugha ya mikutano. Maneno hayo si sawa. *Suluhu* ni neno la asili ya Kiarabu lenye harufu ya baraza na hakimu: msuluhishi ana uzito wake mwenyewe, naye huweza kusema nani amekosa. *Patanisha* limejengwa juu ya kitenzi *pata*, likaongezwa kiambishi cha kutendana kisha cha kusababisha. Maana yake ni kuwafanya watu wapatane, na kazi yenyewe ni yao. *Mwezeshaji* ni dhaifu kuliko yote: huyo huandaa ukumbi, chai na wakalimani. Nyerere kwa cheo alikuwa mwezeshaji, kwa tabia alikuwa msuluhishi, na baadhi ya vyama vya Watutsi vilimlaumu kwa hilohilo, vikidai kwamba Tanzania ilikuwa imekwisha kuamua. Vikao viliendeshwa hasa kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, ambacho askari wengi wa pande zote walikielewa na ambacho raia wa ufukwe wa Kongo walitumia kuombea roho zao kwenye vizuizi vya barabarani, kilibaki lugha ya ukumbini nje na ya mezani wakati wa chakula.

Mandela, na sahihi bila amani

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwezi Desemba wakuu wa nchi za eneo hili walimteua Nelson Mandela ashike nafasi yake. Mandela alikuja na mwendo mwingine. Aliwakemea wanasiasa wa Burundi mbele ya kamera, akalaumu waziwazi makambi ambamo serikali iliwakusanya wakulima wa Kihutu kwa nguvu, akawaita viongozi wa dunia waje washuhudie. Vilevile alitambua kwamba wenye bunduki sharti wasemezwe, akawaalika FDD na FNL. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa saini mbele ya Rais Bill Clinton wa Marekani. Baadhi ya vyama vya Watutsi vilisita na kusaini wiki kadhaa baadaye. Serikali nayo ilisaini pamoja na mashaka yake.

Mkataba ulipanga serikali ya mpito, ulitaka jeshi lisiwe na zaidi ya nusu ya askari kutoka kabila moja, na ukaweka kikomo cha vipindi viwili vya urais. Haukusitisha mapigano. Ulikuwa mkataba wa amani usio na amani, na waliousema hivyo wakati ule hawakukosea. Lakini kuna upande mwingine ambao huonekana vizuri zaidi kwa umbali wa miaka: ulikuwa tayari umekubaliana juu ya aina ya dola ambayo wapiganaji wangeingia siku watakapochoka. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2001 askari wapatao 700 wa Afrika ya Kusini walikwenda Bujumbura kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni. Tarehe 1 Novemba serikali ya mpito ikaanza. Miezi kumi na minane baadaye, tarehe 30 Aprili 2003, Buyoya alimkabidhi Domitien Ndayizeye madaraka kama ilivyoandikwa, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Kilichobadilisha hali ya FDD hakikutokea Burundi. Laurent Kabila aliuawa Januari 2001. Mwanawe Joseph akafufua mkondo wa Lusaka. Mwezi Julai 2002 Kongo na Rwanda zilipatana Pretoria, na majeshi ya kigeni yakaanza kuondoka. Kadiri Kinshasa ilivyopungukiwa haja ya washirika, FDD ilipungukiwa mahali pa kusimama. Tarehe 2 Desemba 2002 kundi la Pierre Nkurunziza lilisaini kusitisha mapigano na serikali ya Burundi mjini Arusha. Tarehe 17 mwezi huohuo Wakongo walisaini Pretoria mkataba wao wa jumla, Maimai nao wakiwa miongoni mwa waliosaini. Mikataba hiyo miwili katika mwezi mmoja haikuwa bahati. Afrika ya Kusini ilikuwa imeshika ncha zote mbili za kamba, Jacob Zuma upande wa Burundi na Thabo Mbeki upande wa Kongo, na kwa mara ya kwanza meza hizo mbili zilisogezwa karibu. Oktoba na Novemba 2003 CNDD-FDD ilikubaliana na serikali juu ya kugawana madaraka na jeshi. Umoja wa Afrika ulikuwa umekwisha kupeleka askari kutoka Afrika ya Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Juni 2004 Umoja wa Mataifa ulipokea kazi hiyo. Mwezi Agosti 2005 Nkurunziza akawa Rais.

Kati ya hayo kulikuwa na tarehe 13 Agosti 2004. Wakimbizi wa Kongo, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia eneo la Uvira, walivamiwa usiku katika kambi ya Gatumba, kilomita chache ndani ya Burundi, na zaidi ya 150 wakauawa. FNL ilisema ndiyo iliyoshambulia. Hakuna tukio lililoonyesha waziwazi kama hilo kwamba chuki za pande mbili za mpaka zilikuwa zimekwisha kuungana.

Baada ya mikataba

Wakongo wa Fizi walianza kurudi. Januari 2005 Tanzania, Kongo na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilisaini makubaliano ya hiari ya kurudi, na mwezi Oktoba mwaka huohuo meli za wakimbizi zikaanza kutoka Kigoma kwenda Baraka. Watoto waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu walishuka pwani ya wazazi wao wakiwa na Kiswahili cha shule za kambini. Si wote waliorudi. Nyarugusu ilibaki na Wakongo wengi, na wengine waliendelea kuja, kwa sababu milimani Fizi bunduki hazikwisha.

Mwaka 2015 mkondo ulibadilika. Nkurunziza aliwania kipindi cha tatu, na ubishi ukawa juu ya kifungu kilekile cha vipindi viwili kilichoandikwa Arusha. Warundi walikimbia kwa maelfu. Walioingia Tanzania kupitia Kagunga walichukuliwa na meli kongwe ya Liemba hadi Kigoma. Waliovuka kwenda Kongo walifunguliwa kambi Lusenda, katika Fizi yenyewe, na baadaye Mulongwe karibu na Baraka. Wenyeji ambao miaka kumi nyuma walikuwa wakimbizi sasa waligawa mashamba yao kwa wageni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimpa usuluhishi Rais Yoweri Museveni, kisha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ambaye baada ya miaka michache aliiacha kazi hiyo bila serikali ya Bujumbura kukubali kukaa na wapinzani wake wakuu.

Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mapatano mjini Washington, Rais wa Burundi akiwapo. Siku chache baadaye wapiganaji wa M23 waliingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine wakashika barabara ya kusini, ile ya Makobola na Swima, kuelekea Baraka. Safari hii jeshi la Burundi lilikuwa tena upande wa magharibi wa ziwa. Ila mwaka 1998 lilipigana dhidi ya Kinshasa, na sasa lilikuwa limekuja kwa mwaliko wake.